Mpwa wangu ana selimundu: je, niolewe na binami?

«Assalamu alaikum. Mimi ni msichana wa miaka 24, mkazi wa Malindi, Shela. Nimeposwa na mwana wa ami yangu aliyeko Lamu, na nikaha imepangwa baada ya Maulidi. Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, mwenye miezi kumi, alivimba mikono na miguu akalia usiku kucha. Hospitali wakasema ana selimundu. Shemeji anasema kwao hakuna ugonjwa huo. Mamake anasema dada alikula udongo sana alipokuwa mjamzito, na wengine wanasema ni upepo wa mashamba ya chumvi huko Gongoni, shemeji anakofanya kazi. Sasa mama naye ameingiwa na hofu, asema damu ya ukoo mmoja ikikutana ndiyo hubadilika ikawa ugonjwa. Mimi na binami tulishapima grupu, mimi ni O+ na yeye ni B+, tukaambiwa hakuna shida. Kweli hakuna shida? Nikimwacha nikaolewa na mtu baki nitakuwa salama? Na ikiwa ni lazima kupima, wazee nawaambiaje bila kuvunja posa?»

Wa alaikum salaam, dada. Mpe dadako pole, na umwambie mapema kwamba hakumfanyia mwanawe lolote. Hilo nitalirudia chini kwa sababu zake.

Unachotaka kujua ni kama mtoto mtakayemzaa ataumwa kama mpwa wako. Jambo hilo haliamuliwi na undugu wenu peke yake, wala na grupu za damu. Linaamuliwa na herufi moja kwenye jeni moja. Huenda unayo, huenda huna, na binami vivyo hivyo. Kuijua ni kazi ya damu kidogo mara moja tu. Na uanze wewe kabla hujamwambia mtu yeyote. Utaona baadaye kwa nini.

Tuondoe grupu kwanza, maana ndizo zinazowapoteza wachumba wengi. O, A, B na AB ni alama zilizo juu ya ganda la seli nyekundu, na huulizwa mtu anapotaka kuongezewa damu. Ile alama ya + ni ya Rhesus, ina maana kwenye ujauzito ikiwa mama ni hasi na mtoto ni chanya. Selimundu haiko kwenye ganda. Iko ndani ya seli, kwenye himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni. Kila mtu hurithi jeni mbili za himoglobini, moja kwa kila mzazi; A ni ya kawaida, S ni ya selimundu. Kwa hiyo mtu wa O+ anaweza kuwa na himoglobini AA, au AS, au SS, na karatasi ya grupu haitamwambia. Watu wanachanganyikiwa kwa sababu herufi A imetumika pande zote mbili, lakini «grupu A» na «himoglobini A» hazijuani kabisa.

Sasa hiyo herufi. Maandishi ya DNA uliyorithi kwa baba yana herufi bilioni tatu hivi, na ya mama kiasi hicho hicho. Alfabeti yake ni ya herufi nne tu, A, T, G na C, nazo husomwa tatutatu kama silabi. Ukikumbuka ubao wa chuoni utaelewa upesi: kiti cha herufi ni kilekile, nukta ikikaa chini ni be, ikipanda juu ni nuni. Mwandishi amekosea nukta moja tu, na «baba» imeanza kusomeka «naba». Kwenye kromosomu ya 11 kuna jeni inayoeleza mnyororo wa beta wa himoglobini uundwe vipi, kwa amino asidi 146 zilizofuatana. Silabi ya sita husomeka GAG. Kwenye jeni ya selimundu inasomeka GTG. Hapo A imegeuka T, basi. Matokeo yake, mahali pa sita palipokuwa na asidi ya glutamiki, inayopenda maji, panakaa valini, yenye tabia ya mafuta.

Himoglobini hiyo, ndiyo S, ikiwa imebeba oksijeni haina neno. Ikishaitua mwilini umbo lake hugeuka kidogo na kufunua kijishimo chenye mafuta, na valini ya molekuli jirani hupata pa kujichomeka. Moja hujichomeka kwa ya pili, ya pili kwa ya tatu, hata zikawa nyuzi ngumu ndani ya seli kama kamba ya makumbi iliyosokotwa. Seli iliyokuwa laini, inayojikunja na kupita kwenye mishipa myembamba kuliko yenyewe, sasa inapinda kama mundu na kukwama. Ikifika mapafuni hunyooka tena, lakini ikipinda mara nyingi hukauka vivyo hivyo. Seli nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi, hii huishi siku 10 hadi 20. Hapo ndipo hutoka upungufu wa damu na manjano ya macho. Maumivu hutoka pale mishipa ya mifupa inapoziba, na kwa mtoto mdogo mifupa ya viganja na nyayo ndiyo hutangulia. Uvimbe ulioueleza ni dalili ya kwanza kwa watoto wengi.

Mbona alizaliwa mzima? Kwa sababu mtoto tumboni hutumia himoglobini nyingine, iitwayo F, isiyo na mnyororo wa beta hata kidogo. Inabaki kwa wingi miezi ya mwanzo, kisha hupungua huku ya utu uzima ikishika nafasi yake. Ugonjwa hujionyesha pale F inapopungua, mara nyingi baada ya mwezi wa nne au wa sita, wakati uleule mtoto anapoanza uji. Ndiyo maana nyumba nyingi hutafuta kosa ndani ya uji, au jicho la mgeni aliyekuja kumtazama mtoto.

Udongo wa mama mkwe basi. Kula udongo ujauzitoni kuna ubaya wake, huleta minyoo na huzidisha upungufu wa damu, lakini hauna mkono wa kufuta herufi kwenye kromosomu ya 11. Chumvi ya Gongoni vilevile. Vitu vinavyogeuza herufi vipo kweli: jua la miaka mingi juu ya ngozi, na zaidi ngozi ya mtu mwenye ualbino; moshi wa tumbaku mapafuni; aflatoksini, sumu ya ukungu wa mahindi, kwenye ini. Hayo hubadilisha seli za kiungo kile kile na yanaweza kuzaa saratani kwa mwenyewe. Badiliko la seli ya ngozi au ya ini haliendi kwa mtoto. La kwenda kwa mtoto ni lile tu lililo ndani ya yai au mbegu.

Na hayo pia hutokea kila siku. Kila mtoto huzaliwa na mabadiliko mapya 60 hadi 70 hivi, ambayo baba na mama hawakuwa nayo. Mengi hutoka upande wa baba, na huongezeka kadiri baba anavyokuwa mtu mzima zaidi. Karibu yote hayafanyi lolote, yameangukia mahali ambapo herufi kugeuka hakubadilishi maana. Lakini S ya mpwa wako si mojawapo ya hayo. Ni badiliko la maelfu ya miaka, limemfikia likipokezwa mkono kwa mkono, S moja kwa mama na S moja kwa baba. Mtoto mwenye SS hawezi kuipata upande mmoja tu. Kwa hiyo shemeji akisema kwao hakuna, maana yake ni kwamba kwao hajaonekana mgonjwa. Mwenye S moja na A moja, yaani AS, si mgonjwa. Atavua, atacheza mpira, atazaa, atazeeka, na S yake itapita vizazi vitano bila kutajwa, hadi ikutane na S nyingine. Na zamani ilipokutana, mtoto alizikwa kwa jina la homa.

Nitie neno hapa kwa ajili ya dadako. Shemeji akipimwa na karatasi ikasema AA, msikimbilie tuhuma. Yawezekana aliongezewa damu ndani ya miezi mitatu, kwa hiyo iliyopimwa imechanganyika na ya mwingine. Yawezekana maabara ilitumia kipimo duni, au sampuli zilichanganywa. Au ana thalasemia ya beta, yaani badiliko lingine linalopunguza mnyororo wa beta, ambalo likikutana na S huweza kuzaa ugonjwa unaofanana na SS, na kwenye kipimo cha haraka halionekani. Rudieni kwa kipimo kamili kabla ya neno lolote kutamkwa.

Utauliza mbona herufi mbaya hivi haikuisha, ilhali zamani watoto wa SS wengi hawakufikia umri wa kuzaa. Jibu lake liko hapa hapa pwani. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitoa ushahidi kwamba wenye AS hukingwa na malaria. Tafiti za baadaye za Kilifi zimeonyesha kinga hiyo ni kubwa mno: AS hupunguza malaria kali kwa karibu asilimia 90. Kimelea akiingia kwenye seli yenye S, hastawi humo kama anavyostawi kwenye seli ya kawaida. Basi kwa karne nyingi mtoto wa AA aliuawa na mbu, wa SS akauawa na mundu, na wa AS akabaki kuzaa. Ndiyo maana Kilifi mtu karibu mmoja katika kila saba ana AS, ndiyo maana S imejaa pia kandokando ya Ziwa Victoria, na juu milimani kwenye baridi ni adimu. Iko mashariki ya Saudia, iko Omani, iko India. Haina kabila wala dini, inafuata mbu.

Selimundu si peke yake. Pwani hii ina thalasemia ya alfa kwa wingi, yaani upungufu wa mnyororo mwingine wa himoglobini, alfa, nayo ni badiliko lenye kinga ya malaria. Kilifi ina pia aina ya damu iitwayo Dantu, adimu sana kwingineko duniani, ambayo hukaza ganda la seli nyekundu kimelea akashindwa kulipenya. Na kimelea naye hakukaa bure: klorokwini tuliyoimeza miaka mingi iliacha kumwua kwa sababu jeni yake mwenyewe ilibadilika. Kwa hiyo neno la mama, kwamba damu «hubadilika ikawa ugonjwa», ni nusu tu ya habari. S ni ileile. Moja ni kinga, mbili ni maradhi. (Wenye AS bado hupata malaria ya kawaida, chandarua ni chao pia.)

Tuje kwako. Ikiwa mpwa wako ni SS, dadako lazima ana S, na kaipata kwa babenu au kwa mamenu. Ikiwa ni mmoja wao tu aliye nayo, nafasi yako ya kuwa AS ni nusu kwa nusu. Ikiwa wote wawili ni AS, basi kwa kuwa wewe ni mtu mzima usiyeumwa, nafasi yako ni mbili kwa tatu. Binami sasa. Kama S ilitoka kwa mamako, yeye hana tofauti na kijana mwingine yeyote, tuseme mmoja kwa saba tukifuata hesabu ya Kilifi. Kama ilitoka kwa babako, basi ami aweza kuwa nayo nusu kwa nusu, na mwanawe robo, pamoja na nafasi ndogo ya upande wa mamake. Inafika karibu na tatu katika kumi. Hujui ni upande upi, kwa hiyo kwa sasa binami ana nafasi ya mmoja kwa watano hivi, na mtu baki wa mtaani mmoja kwa saba.

Tazama tofauti hiyo ilivyo ndogo. Ukimwacha binami ukaolewa na mgeni wa Mambrui bila kupima, hujaikimbia selimundu, umeipunguza kidogo tu. Hapo ndipo hofu ya mama inapokosea njia. Kwa herufi iliyojaa pwani nzima, undugu si kitu kikubwa, kipimo ndicho kikubwa.

Lakini mama hakukosea kote, na sitaki uondoke hapa ukidhani undugu hauna uzito. Undugu haubadilishi herufi, ila hukutanisha zilizofanana. Kila mmoja wetu amebeba herufi kadhaa mbovu zilizojificha, nyingi adimu sana, za uziwi, za macho, za maradhi ya ubongo au ya ini. Mtu baki aghalabu hana ile uliyo nayo wewe. Mabinami wa kwanza hushiriki takriban sehemu moja kwa nane ya maandishi yao, kwa hiyo nafasi ya mtoto kupokea mbili zinazofanana hupanda. Kwa wazazi wasio ndugu, watoto wawili au watatu katika kila mia huzaliwa na kasoro kubwa. Kwa mabinami ni wanne hadi sita. Yaani zaidi ya tisini katika mia huzaliwa bila kasoro hizo, ila hatari ni karibu maradufu. Na ukoo ukiwa umeoana hivyo vizazi vitatu vinne mfululizo, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za Lamu na Malindi, huzidi hapo. Kwa maradhi hayo adimu hakuna kipimo kimoja kitakachoyakamata yote. Kinachosaidia ni kuuliza.

Chukua karatasi, umkalishe bibi yako au shangazi aliye mkubwa, mchore vizazi vitatu: mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke, mistari miwili kwa walioana wakiwa ndugu. Uliza nani alizika watoto wachanga zaidi ya mmoja, nani kiziwi tangu kuzaliwa, nani haoni usiku, nani ana ualbino, mtoto gani alichelewa kutembea au alikuwa akianguka kifafa. Ugonjwa mmoja ukijitokeza pande zote mbili za mchoro, ndipo muone daktari mwenye ujuzi wa jeni kabla ya nikaha, na karatasi hiyo muende nayo. Itamfaa kuliko vipimo kumi vya kubahatisha.

Kipimo chenyewe. Unachotaka kinaitwa elektroforesi ya himoglobini, au kipimo cha mashine ya HPLC (vyote hutenganisha aina za himoglobini), pamoja na hesabu kamili ya damu. Usikubali kile cha haraka peke yake, cha kuchanganya tone la damu na dawa na kutazama seli zikipinda. Kile kinasema S ipo au haipo, basi. Hakitenganishi AS na SS, hakioni thalasemia, na kwa mtoto wa chini ya miezi sita kinaweza kusema hakuna ilhali ipo. Huchukuliwa mililita mbili tatu mkononi, kwenye chupa ya kifuniko cha zambarau. Huhitaji kukaa na njaa, na hata mjamzito hupimwa. Ikiwa uliongezewa damu, subiri miezi mitatu itimie. Malindi anzia hospitali ya umma hapo mjini, na binami aulize hospitali ya King Fahd hapo Lamu. Kama maabara yao haina mashine, waulize sampuli hutumwa wapi, Kilifi au Mombasa, na majibu huchukua siku ngapi. Pigeni simu kwanza, msifunge safari bure.

Karatasi ikirudi, AA huonyesha himoglobini A nyingi mno, A2 (aina nyingine ya kawaida, iliyo chache kwa kila mtu mzima) chini ya asilimia 3.5, na hakuna S. AS huonyesha A nyingi kuliko S, S ikiwa kawaida asilimia 35 hadi 40. Ukiona S ni 28 usishtuke, aghalabu ni thalasemia ya alfa iliyochanganyika, kitu cha kawaida huku kwetu. La kushtua ni A na S zote zipo lakini S imeizidi A kwa mtu ambaye hajaongezewa damu. Huyo huenda ana S na thalasemia ya beta, na aonwe na daktari. Na A2 ikipita 3.5, seli nyekundu zikiwa ndogo kupita kawaida na S haipo, aghalabu ni mbebaji wa thalasemia ya beta.

Mkiwa nyote AS, kila mimba ni sarafu mbili zinazorushwa upya, yako na yake. Nafasi moja kwa nne ni AA, mbili kwa nne ni AS, moja kwa nne ni SS. Sarafu hazina kumbukumbu. Watu husema «wa kwanza ameumwa, watatu wafuatao watapona». Si kweli. Kuna nyumba yenye watoto watano wazima na kuna nyumba yenye wawili SS mfululizo, na wazazi ni AS wote.

Hapo mna njia kadhaa, na hakuna iliyo nyepesi. Kuachana kabla ya nikaha ni njia halali na yenye machozi machache kuliko baadaye. Ikiwa hamjazoeana sana, binafsi naona istahili kufikiriwa bila aibu. Kuoana na kujiandaa ni njia ya pili: mtoto apimwe mapema baada ya kuzaliwa, matibabu yaanze kabla ya maumivu. Kuna kupima kiinitete kwenye maabara kabla ya kupandikizwa tumboni, lakini gharama yake iko mbali na mikono ya walio wengi. Kuna kupima mimba, kuanzia wiki ya 11 kwa kutoa kipande cha kondo au wiki ya 15 kwa maji ya uzazi, kipimo chenye hatari ndogo ya mimba kutoka. Kabla hujakifuata jiulize majibu yatakusaidia nini, kwa sababu Katiba ya Kenya, Ibara ya 26, inaruhusu kutoa mimba kwa sababu chache tu, msingi wake ukiwa maisha na afya ya mama. Upande wa dini muulizeni mwanachuoni mnayemwamini, na mwende mkiwa na majibu ya maabara mkononi.

Usisikilize wanaouza dawa ya kuondoa S. Tiba za kweli zinazoweza kuondoa ugonjwa ni mbili. Moja ni kupandikiza uboho, hasa kutoka kwa ndugu wa tumbo moja ambaye uboho wake unalingana na wa mgonjwa, na kila ndugu ana nafasi moja kwa nne tu ya kulingana. Nyingine ni kuhariri jeni, iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwishoni mwa 2023. Hiyo wala haiirudishi T kuwa A. Hufungua tena kiwanda cha himoglobini F kilichofungwa utotoni. Bei yake Marekani ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Kwa mpwa wako, hata hivyo, F hiyo hiyo inaweza kuamshwa kwa kidonge. Kinaitwa haidroksiyurea, na Kilifi ilikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti uliochapishwa 2019 na kuonyesha kuwa ni salama na hupunguza maumivu, malaria na vifo kwa watoto wa Afrika. Hutolewa kwa uzito wa mtoto na kwa kupima damu mara kwa mara, si kununuliwa dukani. Dadako amwandikishe kliniki ya selimundu, Kilifi ipo, na aulize haya: penisilini ya kunywa, kawaida miligramu 125 asubuhi na jioni hadi miaka mitatu, kisha 250 hadi mitano, asidi ya foliki, kinga ya malaria ya kila siku, na chanjo zote, ile ya nimonia isikose. Dawa ya madini ya chuma asipewe mpaka kipimo kionyeshe imepungua. Maji anywe sana wakati wa joto la kaskazi, na msimu wa kusi asiogeshwe maji baridi wala kuachwa na nguo mbichi baada ya kuchezea pwani, kwa sababu baridi na kiu ndizo zinazochochea seli kupinda.

Dadako afundishwe na muuguzi kupapasa bandama ya mtoto, chini ya mbavu za kushoto, akilinganisha na vidole vyake. Ikivimba ghafla huku mtoto akipauka, damu imenaswa humo na ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku wa manane. Vilevile homa ya 38.5 au zaidi, kupumua kwa shida, maumivu ya kifua, mkono au mguu kulegea upande mmoja, mdomo kwenda upande, na kwa mvulana uume kusimama kwa saa nyingi bila kulala. Homa ya mtoto huyu haipewi panadoli ikasubiriwa kesho.

Sasa wazee. Nilisema uanze peke yako, na sababu ni hii: ukitoka AA, na A2 yako ni ya kawaida, mtoto wako hawezi kuwa na selimundu, hata binami awe AS, hata awe SS mwenyewe. Huna haja ya kumpima wala kumweleza mtu jambo la selimundu. Ukitoka AS, mwambie binami kwanza, si ami. Kijana akisikia kwa mchumba wake hupokea vizuri kuliko akisikia kwa baba yake. Na mbele ya wazee hamsemi mnashukiana. Mnasema mtoto wa ukoo ameonekana na selimundu, na madaktari hushauri ndugu wa karibu wapimwe, kwenu Malindi na kwa ami Lamu. Hilo ni kweli tupu, dadako na shemeji watalithibitisha. Mzee akisema kupimana kabla ya nikaha ni mambo ya kizungu, mkumbushe kwamba Saudia huwapima wachumba wote selimundu na thalasemia tangu 2004. Huko majibu huwa ya wachumba wenyewe, wala hayawazuii kufunga nikaha wakitaka.

Majibu yako yatunze pamoja na kitambulisho. Aina ya himoglobini haibadiliki maishani, hutapimwa tena, na mimba ya kwanza ikija utaipeleka karatasi hiyo kliniki siku ya kwanza.